Figo za Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa! Meneja ametukusanya sote mbele ya mashine mpya ya kuchapia na kutangaza kwamba inahitaji msimamizi. Mtu mmoja tu. Akanitazama. Kwa kweli alikuwa anatazama saa ya ukutani iliyo juu ya kichwa changu, lakini macho yake yalipitia kwangu.

Miaka kumi na tisa nimeilisha karatasi ile mashine kuukuu. Wino wa mikononi mwangu haujui tena kama ni wino au ni ngozi. Nani mwingine kama si mimi?

Kuna sharti moja. Atakayeteuliwa lazima apimwe afya kwanza, maana mashine ni kubwa na haitaki mtu wa kuzimia juu yake. Shinikizo la damu, kifua, mkojo. Jina langu ni la kwanza kwenye orodha. La pili ni la Mama Kisu, yule wa mashine ya kukatia, mwanamke anayeongea mara mbili kwa mwezi. Mimi napimwa Ijumaa, kwenye zahanati ya mtaa wa nyuma.

Nimempa mke wangu habari. Akafurahi, akanikumbatia, akaniachia upesi, akasema nanuka mafuta ya taa. Kaka yake, shemeji yangu, aliyekuja kututembelea kwa wiki moja na sasa anaingia mwezi wa tano, akasema kwa tumbo hili wakinipima watakuta wapangaji humo ndani. Wakacheka, ndugu wawili. Mimi sikucheka.

Huyu shemeji anachomelea mageti. Kila alfajiri anapiga pushapu sabini kwenye korido yangu, na anahesabu kwa sauti. Mtaani wanamwita Chuma. Na yeye anaitika!

Jumanne, 5 Machi

Kazi ya wiki hii ni kitabu cha sayansi cha shule: jinsi mwili unavyotoa taka. Nimekuwa nikikisoma kikitoka kwenye mashine. Shida ni kwamba hatuchapi kurasa kwa kufuatana. Kurasa nane zinakwenda upande mmoja wa karatasi kubwa, nane nyingine upande wa nyuma, zimechanganywa kama karata, na zinakaa sawa karatasi ikishakunjwa na kukatwa. Kwa hiyo leo nimesoma ukurasa wa 1, wa 4, wa 5, nikaruka mpaka wa 8, na kuendelea hivyo.

Ukurasa wa 4 umeniacha kinywa wazi. Figo mbili, kila moja kama ngumi, zimejibanza mgongoni chini ya mbavu. Zinachuja kama lita mia na themanini za majimaji ya damu kwa siku. Karibu yote zinayarudisha mwilini, na uchafu unaobaki unatoka na lita moja au mbili za mkojo. Nilizima mashine nikajishika mgongo. Kazi yote hiyo, na hakuna msimamizi!

Ukurasa wa 5: mapafu nayo hutoa hewa chafu, ngozi hutoa jasho, ini huzivunja sumu ili zipate kutolewa. Mwili mzima ni kiwanda cha kutupa taka. Nilianza kujiheshimu.

Kisha ukurasa wa 13. Mstari wa mwisho kabisa: “Mkojo ukiwa na rangi nzito kama chai isiyo na maziwa, hiyo ni dalili ya”

Basi. Ukurasa umeisha. Dalili ya nini? Ukurasa wa 14 uko upande wa nyuma, na upande wa nyuma tunauchapa Jumatatu ijayo!

Nikaenda chooni. Nikaangalia.

Chai.

Jumatano, 6 Machi

Sikupata usingizi mzuri. Nimefikiria kila neno linaloweza kufuata “dalili ya”, na hakuna hata moja lililokuwa zuri.

Ajabu ni kwamba najitunza. Sinywi ovyo kama wengine. Kikombe kimoja cha chai asubuhi, basi, mpaka jioni. Choo cha kiwandani kiko kule mwisho wa uwanja, na anayeiacha mashine yake meneja humwandika. Mimi sijawahi kuandikwa. Kwa nidhamu ya namna hii, mkojo wangu ulipaswa kuwa wa mfano!

Haidhuru. Nimepata mpango, na ni mzuri mno hata nimeona aibu kuwa peke yangu ninayeujua. Mkojo hauna sura. Mkojo hauna kitambulisho. Nesi atapima kilicho kwenye kikopo, hawezi kujua kimetoka kwa nani. Na ndani ya nyumba yangu, akila chakula changu, yupo mtu anayejisifu kutwa kuwa hajaugua tangu azaliwe.

Jioni nikamvika shemeji kilemba cha ukoka. Nikamwambia kiwanda chetu kinatoa kalenda, na meneja anatafuta mwanamume wa kuwekwa kwenye ukurasa wa Januari, mwenye afya ya kweli, nje na ndani. Ya nje yanaonekana, nikamwambia. Ya ndani ndiyo yanayohitaji ushahidi kidogo, kwenye kichupa.

Alijitia kufikiri kwa muda mfupi sana. Kisha akauliza kama picha itapigwa akiwa na shati au bila shati.

Alhamisi, 7 Machi

Mke wangu amesema kaka yake anajipaka mafuta kifuani mbele ya kioo tangu asubuhi, na akaniuliza kama najua lolote. Nikamwambia vijana wana mambo yao. Akasema kijana gani, ana miaka arubaini na mbili. Nikaenda kufunga mlango wa kuku. Hatuna kuku. Nilikuwa nimechanganyikiwa.

Shemeji ananisumbua. Anataka kujua kama anaweza kuwa Januari na Juni pia. Leo hakupiga pushapu sabini, alifikia ishirini na tano, akasema mgongo unamkaza kwa sababu ya geti la jana. Akameza vidonge vyake viwili vya maumivu, bila maji. Huvimeza viwili asubuhi, viwili mchana na viwili jioni, mwaka wa pili huu. Anasema ni grisi ya mashine. Na uso wake asubuhi umejaa, macho kama ya mtu aliyelia. Anasema ni misuli inapanda.

Misuli ya macho! Kwa majivuno huyu bwana hana mpinzani.

Nimechemsha kichupa. Mimi si mchafu.

Ijumaa, 8 Machi

Ushindi!

Shemeji alinikabidhi kichupa saa kumi na mbili asubuhi, kwa mikono miwili, kama anayekabidhi bendera. Nikakiweka kwapani kisipoe. Nikatembea mpaka zahanati mkono mmoja umebana ubavuni. Njiani muuza magazeti akanipa pole, akidhani nimepooza.

Nesi wa pale ni mama wa makamo, miwani puani, hana haraka. Akanipima shinikizo la damu kwa mkono uliokuwa huru. Likawa zuri. Akanipa kikopo chenye kifuniko chekundu, akanionyesha msalani. Humo ndani nikahamisha mali. Sikumwaga hata tone. Nikamkabidhi kikiwa vuguvugu. Akasema asante, baba. Nikasema karibu tena.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijizoeza kutembea kama msimamizi.

Jumamosi, 9 Machi

Nesi ameniita. Nikaenda nikipiga mluzi, nikidhani ni cheti.

Akafunga mlango. Nesi akifunga mlango, mluzi unakufa wenyewe.

Akaniambia, polepole, kwamba kwenye mkojo wangu kuna protini nyingi, na kuna damu isiyoonekana kwa macho. Akachukua chujio lake la chai kutoka kwenye beseni la vyombo, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Figo ni kama hili, akasema. Tundu zake ni ndogo sana. Uchafu unapita, vitu vya maana vinabaki kwenye damu. Tundu zikichanika, vya maana navyo vinapita.

“Baba, figo zako zinavuja.”

Akauliza kama nina shinikizo la damu. Lakini alikuwa amelipima mwenyewe, zuri! Akauliza kama miguu yangu huvimba. Nikasema hapana. Uso kujaa asubuhi? Nikasema ha... nikaishia hapo. Kama nameza dawa za maumivu kila siku? Za mgongo, labda?

Nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Nesi akaiona hofu yangu, akanishika bega. Akasema ubaya wa figo ni kwamba hazipigi kelele. Zinaumia kimya kimya, mtu anajiona mzima, mpaka siku zinapogoma kazi. Nirudi Jumatano kwa kipimo cha pili, na nisichelewe hata kwa siku moja.

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu.

Jumapili, 10 Machi

Tuseme ukweli, maana shajara hii haisomwi na mtu. Wazo langu la kwanza lilikuwa juu ya kazi. Nikisema mkojo si wangu, kwaheri mashine. La pili ndilo lililokuwa juu ya shemeji. Ningependa yangekuja kwa mpangilio mwingine, lakini ndivyo yalivyokuja.

Kwa hiyo nimeamua kumponya bila kumwambia. Inawezekana. Inahitaji akili tu.

Mpango wa kwanza: vidonge. Nimevificha ndani ya kiatu changu cha harusi. Shemeji akapekua nyumba nzima, akapiga simu, rafiki yake akamletea pakiti mbili.

Mpango wa pili: chumvi. Nimeificha kopo zima. Mchana tukala maharage yasiyo na ladha yoyote. Mke wangu akaonja, akanitazama mimi moja kwa moja. Sijui kwa nini huwa ananitazama mimi moja kwa moja.

Mpango wa tatu: hospitali. Nikamwambia shemeji kwamba amevuka mchujo wa kwanza wa kalenda, na sasa wanataka apimwe na daktari kabisa, kwa ajili ya ukurasa wa jalada. Akakataa katakata. Hospitali hajawahi kuingia, akasema, hata kuzaliwa alizaliwa nyumbani. Nikambembeleza. Akasema nimwambie meneja amwangalie kifua, kama haoni, basi ampe Januari mtu mwingine.

Akanyanyuka kwenda kulala mchana. Zamani hakuwa mtu wa kulala mchana.

Jumatatu, 11 Machi

Tumechapa upande wa nyuma! Nilisimama kwenye mdomo wa mashine nikiwa na roho mkononi, karatasi ya kwanza ikatoka, nikaipindua kutafuta ukurasa wa 14. Mstari wa kwanza:

“kutokunywa maji ya kutosha. Dawa yake ni kunywa maji.”

Maji!

Nilikunywa vikombe vitano papo hapo. Nimeandikwa na meneja mara nne kwa kuiacha mashine. Mara ya nne nilipoangalia, rangi ilikuwa njano hafifu kama ya nyasi kavu. Mimi ni mzima! Muda wote nilikuwa mzima! Ningekojoa tu kwenye kile kikopo kama mtu wa kawaida, sasa hivi ningekuwa msimamizi.

Lakini ukurasa wa 15 ulikuwa pale pale pembeni, nao nikausoma. Figo huharibiwa na shinikizo la damu lisilotibiwa, na sukari, na dawa za maumivu zinazomezwa ovyo kwa muda mrefu. Dalili hujificha. Anayewahi, mara nyingi figo zake huokolewa. Niliurudia mara tatu. Lile neno “anayewahi” lilikuwa limechapika vizuri sana, wino haukuvuja hata kidogo.

Nimerudi nyumbani jioni, nikamkuta shemeji ameketi ukingoni mwa kitanda, anahangaika na kiatu cha kazini, anataka kwenda kumalizia geti. Mguu hauingii. Akasema viatu siku hizi vinatengenezwa ovyo, vinapungua. Kiatu amekivaa miaka mitatu. Kifundo chake cha mguu kilikuwa kimejaa, alama za soksi zimezama kwenye ngozi kama uzi kwenye unga uliokandwa.

Nikamsaidia kulegeza kamba. Akasema asante, shemeji. Hakunitania. Ndipo nilipoogopa kweli.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwaga yote.

Nilipiga moyo konde asubuhi, kabla sijabadilisha mawazo. Mke wangu alikuwa anamimina chai, shemeji anaipuliza. Nikaeleza kila kitu: kipimo, kichupa, kwapa, chujio la nesi, protini, damu. Niliongea nikiangalia mkate.

Shemeji akauliza, kwa sauti ndogo:

“Kwa hiyo hakuna kalenda?”

Nikamwambia kalenda ipo, ila ina picha za maua.

Akaweka kikombe chini. Sijawahi kumwona akiwa mdogo namna ile. Akasema amekuwa akijisikia vibaya tangu mwaka jana. Kichwa kinamgonga, mkojo una povu kama la sabuni, mgongo ndio usiseme. Lakini mtu anayeitwa Chuma ataanzia wapi kusema anaumwa? Anaongeza pushapu, anahesabu kwa sauti zaidi.

Mke wangu alizima jiko, akavaa viatu, akamshika kaka yake mkono wa kulia na mimi wa kushoto, akatuburuta mpaka zahanati kama watoto waliovunja dirisha la jirani.

Nesi alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema amepokea mikojo ya kila aina miaka ishirini na sita, ila ya kuletwa na wakili hajaipata. Kisha akamfunga shemeji kile kitambaa cha kupimia shinikizo la damu. Mia na themanini kwa mia na kumi. Akaacha utani. Barua ya hospitali aliiandika akiwa amesimama.

Alhamisi, 14 Machi

Siku mbili za hospitali. Damu, mkojo, picha ya tumbo. Shemeji aliomba niingie naye kwa daktari. Mimi! Nilidhani angenitaka nje ya wilaya.

Daktari ni binti mdogo, anaongea wazi. Akasema figo zimeumia, lakini zinafanya kazi. Vidonge vya maumivu mwisho leo. Dawa ya shinikizo la damu kila siku, bila kuruka. Chumvi kidogo. Arudi kupimwa baada ya mwezi. Akifuata hayo, ana matumaini makubwa kwamba zitatulia na atachomelea mageti mpaka azeeke. Angekaa mwaka mwingine, akasema, pengine tungekuwa tunazungumzia mashine ya kumsafishia damu mara tatu kwa wiki.

Shemeji akalia. Mchomeleaji mzima, mabega kama mlango. Akanishika mkono wenye wino, akasema, “Shemeji, umeniokoa.” Nikasema si kitu. Nilikuwa nainua kidevu nilipoliona jicho la mke wangu, nikakishusha.

Lakini kwenye korido mke wangu alinifuta vumbi begani, ambalo halikuwepo.

Nimeombwa kutoa mkojo wangu mwenyewe, kwa nesi yule yule. Mke wangu alisimama nje ya mlango wa msalani muda wote. Majibu: safi. Nesi akaniambia endelea na maji. Sasa kilichobaki ni meneja asijue chochote.

Ijumaa, 15 Machi

Meneja anajua kila kitu.

Ni shemeji! Kwa shukrani! Saa nne asubuhi aliingia kiwandani na shati lake jeupe, akasimama mbele ya mashine mpya, akanitangaza kwa ile sauti yake ya kuhesabia pushapu. Kwamba mimi ni ndugu wa kweli. Kwamba nilibeba mkojo wake kwapani kama yai. Kwamba kama si udanganyifu wangu angekufa. Mashine zilizimwa moja moja ili watu wasikie vizuri.

Meneja akaniita ofisini. Akasema hajui aniadhibu au anipe mkono. Alifikiri mpaka chai yake ikapoa. Kisha akatoa uamuzi: msimamizi ni Mama Kisu. Mimi ni msaidizi wake, kwa majaribio ya miezi mitatu. Na choo, akaongeza, kuanzia leo mtu aende bila kuandikwa. Wenzangu wamenipigia makofi kwa hilo. Mama Kisu amenipa mkono, akasema, “Karibu.” Katika maneno yake ya mwezi huu, limebaki moja.

Msaidizi! Sijawahi kuwa msaidizi wa kitu chochote. Nimemnunulia mke wangu kitambaa. Shemeji ametembea nami mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, polepole, bila kuhesabu.

Jumatatu, 18 Machi

Nimekuwa mtu mpya. Nakunywa maji, nasema kweli, nalala vizuri. Udanganyifu nimeuacha kabisa. Tena ni vyema hayo yaandikwe.

Kuna jambo dogo tu. Leo wamesema msaidizi naye lazima apimwe macho, Alhamisi. Sasa macho yangu hayana tatizo, ila herufi ndogo za siku hizi, zikiwekwa mbali, zinajificha kwenye ukungu. Wanasema atakayeshindwa anapewa miwani bure. Miwani! Mimi!

Kwa hiyo mchana nilipita zahanati kumsalimia nesi, na alipogeuka nikanakili ubao wote wa herufi za kupimia macho. Nimeshaukariri, juu mpaka chini. Kilichobaki ni kujua kijiti chake cha kuonyeshea kimegusa mstari upi, maana kijiti chenyewe sikioni. Hapo nahitaji mtu wa kusimama dirishani anikoholee namba ya mstari. Shemeji amekataa, anasema daktari amemkataza mambo ya kupandisha presha.

Mama Kisu, nimegundua leo, ana kikohozi kizuri sana. Kikavu, kinasikika mbali. Kesho nitamwambia kuna mashindano.